Shifti ya Bi Samahani

Jina alilopewa na wazazi wake lilikuwa kwenye kitambulisho, na huko ndiko lilikobaki. Dukani na mtaa mzima walimwita Bi Samahani, na hakuna aliyemsingizia. Ukimkanyaga, yeye ndiye anayekuomba radhi. Akijigonga kwenye kona ya meza, anaisemesha meza. Na akitaka kumwambia mteja kwamba karatasi zake ziko tayari, anaanza hivi: "Samahani, nikikukabidhi sasa hivi nitakuwa nimekukatiza?" Mteja mwenyewe kasimama hapo tangu asubuhi, anazisubiri karatasi hizo hizo.

Alikuwa mpiga chapa katika duka la stesheni, lile la vifaa vya kuandikia. Ni chumba kimoja chembamba: mashine ya fotokopi mlangoni, rafu za madaftari na bahasha ukutani, na nyuma kabisa, chini ya feni inayozunguka kwa kujivuta, meza yake na kompyuta iliyonunuliwa kuukuu na ikazidi kuzeekea pale. Kazi aliisomea kwenye taipureta, chini ya mwalimu aliyewafunika wanafunzi mikono kwa kitambaa ili wasichungulie herufi. Kwa hiyo vidole vyake vilijua njia bila kuongozwa, na vilikuwa vimezoea chuma. Vilipiga kwa nguvu hata anayepita nje alijua yuko kazini. Mama mpole kuliko wote pale mtaani, lakini kibodi yake ilikuwa inakula kichapo kila siku ya kazi.

Kibodi zote zina shifti mbili, moja kila upande. Shifti ni kitufe cha ajabu kidogo, maana chenyewe hakiandiki kitu. Kibonyeze peke yake hadi kesho, skrini itakutazama tu. Kazi yake ni kushikiliwa ili kitufe kingine kitoe herufi kubwa, au mabano, au alama ya mshangao, au alama ya kuuliza. Pale kwa Bi Samahani, shifti ya kulia ilikufa siku nyingi, baada ya mtoto wa mteja mmoja kuing'oa kofia na kwenda nayo kusikojulikana. Ya kushoto ikabeba kazi ya mbili. Ikabeba, ikabeba, mpaka siku moja ikagoma.

Mtu mwingine angepaza sauti, "Bosi, kibodi imekufa!" na mambo yangeishia hapo. Bosi hakuwa mtu mbaya. Alikuwa bwana mnene anayependa redio na asiyependa kuinuka. Lakini Bi Samahani aliona atamsumbua, akajitafutia mbinu. Herufi kubwa alizipata kwa kile kitufe cha kufungia herufi kubwa: anakiwasha, anaandika herufi moja, anakizima. Ila kitufe hicho kinajua herufi tu. Ukitaka alama ya kuuliza bila shifti, unapata mkwaju mtupu, kile kistari cha kuegemea upande. Basi alama hiyo akawa anaiazima: anafungua kazi ya zamani, ananakili alama moja ya kuuliza iliyobaki huko, anakuja kuibandika panapohitajika. Na kwa kuwa kwenda na kurudi kulimchosha, akawa anaandika kwanza kazi yote, kila swali kwenye mstari wake, halafu mwishoni anapita akibandika moja moja, kama mpishi anayetia chumvi chakula kimeshaiva.

Mbinu ilikuwa nzuri. Ubaya wake ni kwamba Kiswahili hakina huruma na mtu aliyesahau alama hiyo. Umekula, na umekula? Neno ni lile lile. Mdomoni sauti inapanda na kila mtu anaelewa, lakini kwenye karatasi alama ile ndiyo sauti yenyewe.

Nyumbani alikuwa amelea binti mmoja. Hakumzaa, alikuwa mtoto wa mdogo wake, ambaye alifariki binti akiwa bado hajaanza shule. Kwa mpangilio wa ukoo Bi Samahani alikuwa mama mkubwa, naye alijiandaa kuitwa hivyo. Hata alikuwa amepanga namna ya kumwuliza mtoto angependa kumwitaje. Hakupata nafasi. Asubuhi ya kwanza mtoto alitoka chumbani anaburuta shuka, akasema, "Mama, kiatu kimoja sikioni," kana kwamba hakuna la kujadili. Bi Samahani alikitafuta kiatu hicho huku machozi yanamtoka, na shukrani ya asubuhi ile haikumtoka moyoni maisha yake yote. Mtoto mwenyewe alikuwa msemaji. Aliongea njiani, aliongea mezani, aliongea hata usingizini, wakamwita Chiriku.

Chiriku akakua. Baba yake, ambaye miaka yote hakuonekana hata kwa dawa, akaonekana. Alikuwa na mke, nyumba katika mji mwingine na majuto ya kweli, akamwomba binti aende wafahamiane. Bi Samahani alimfungia mzigo kwa mikono yake mwenyewe. "Nenda, mwanangu," alisema. "Samahani kama nimechelewa kukuruhusu." Chiriku akaenda, akapata kazi huko huko, akapata na mchumba. Mwanzoni alipiga simu kila jioni. Halafu simu zikapungua, na zilizokuja zikawa fupi. Bi Samahani hakuuliza kwa nini. Aliuliza mengine: Nimekupigia wakati mbaya? Sikuchoshi? Utaona sawa nikikutafuta Jumapili? Yaani mama wa watu alimpigia mwanawe hodi, akaitikiwa karibu, akapiga hodi tena.

Kisha ikaja kadi ya ndoa. Ilitumwa kwenye simu, kadi nzuri yenye maua pembeni. Waalikaji walikuwa baba na mkewe. Bi Samahani aliisoma akitafuta kosa la uchapaji, hakuliona. Alimshukuru Mungu kwamba mtoto kapata baba, na alishukuru kweli kweli, kwa sababu ndivyo alivyoumbwa. Lakini siku hiyo vidole vyake vilikosea herufi tangu asubuhi, jambo ambalo Bosi hakuwahi kuliona, hata akapunguza redio kumtazama. Kilichokuwa kikimla Bi Samahani ni kimoja tu. Kama mama wa binti ameshaandikwa kwenye kadi, yeye sasa ni nani?

Kwa simu asingeweza kuuliza, alijijua. Samahani zingemjaa mdomoni na swali lingebaki kooni. Simu yenyewe hakuelewana nayo katika kuandika, kwani vidole gumba havikusomea uchapaji. Kwa hiyo akaketi kwenye kompyuta ya dukani wateja walipopungua, akafungua barua pepe. Akaandika salamu, akaandika hongera, halafu akapiga moyo konde na kuandika maswali yake matatu, kila moja kwenye mstari wake kama alivyozoea kuchapa mitihani:

Mimi bado ni mama yako

Siku hiyo nitakaa mbele

Utanisubiri nikusuke nywele mimi

Alama za kuuliza alikuwa aziweke mwisho. Kabla hajafungua kazi ya zamani ili aazime, akaingia mteja anahema, anataka maombi yake ya kazi yachapwe kabla ofisi anakoyapeleka haijafungwa. Bi Samahani angewezaje kumchelewesha mtu? Akausoma ujumbe wake haraka haraka, na kwa kuwa ni yeye aliyeuandika, kila mstari ulipanda mwishoni masikioni mwake, swali safi kabisa. Akatuma. Kisha akamgeukia mteja, "Samahani kwa kukuweka."

Jibu halikuja siku hiyo, wala siku zilizofuata. Kila akifika kazini alifungua barua pepe kabla ya kuvua mtandio, na kila siku alikuta matangazo ya watu wanaouza viatu.

Akiwa katika hali hiyo, akatokea mwalimu wa shule ya jirani, mteja wao wa mitihani. Aliweka karatasi mezani taratibu.

"Bi Samahani, mimi nilikuletea swali. Popo ni ndege, na alama ya kuuliza. Watoto waseme ndiyo au hapana, na watoe sababu."

"Ndiyo, mwalimu. Samahani, kuna kosa?"

"Hebu soma ulichonichapia."

Akasoma. Popo ni ndege.

"Darasa zima limemeza," mwalimu akasema. "Mmoja kaandika, 'Asante mwalimu, sikujua.' Mwingine kaandika, 'Sawa.' Sasa huyu wa sawa nimpe maksi ngapi?"

Bosi alicheka mpaka akashika mbavu, na mwalimu aliyekuja amekunja uso akashindwa kuukunja tena. Bi Samahani peke yake hakucheka. Aliomba radhi kwa mwalimu, kwa darasa, na nusura aombe na kwa popo, halafu ikabidi aseme ukweli wote kuhusu shifti.

"Siku zote hizo unaazima alama ya kuuliza?" Bosi akashangaa. "Sasa si ungeniambia!"

"Nisingekusumbua?"

Bosi akainuka kwenye kiti, tukio la kuandikwa ukutani, akaenda mwenyewe kumwita fundi kompyuta wa mtaa wa pili.

Fundi alikuwa bwana mrefu, miwani imefungwa uzi upande mmoja, mwenye tabia ya kuongea na mashine kama tabibu na mgonjwa mkorofi. "Kwanza tujue anayeumwa ni nani," akasema. "Kompyuta, au kibodi?" Akaizima kompyuta, akaiwasha. Shifti kimya. Akaingia kwenye mipangilio kuangalia kama kuna mtu amewasha bila kujua ule msaada wa wanaochapa kwa mkono mmoja, ambao ukiigonga shifti mfululizo unajitokeza, ukiukubali shifti inaanza vituko. Ulikuwa umezimwa. Akachomoa waya wa kibodi, akauchomeka kwenye tundu jingine. Wapi! Halafu akafungua ile kibodi ya picha inayotokea juu ya skrini, akabonyeza shifti kwa mausi, kisha mkwaju. Alama ya kuuliza ikajitokeza, na kichwa chake kilichopinda.

"Umeona? Kompyuta mzima wa afya. Anayeumwa ni huyu aliyelala mezani." Ili asibaki na shaka, akatoa kibodi yake mkobani na kuichomeka. Shifti zake zote mbili zikaitika.

"Samahani, fundi," Bi Samahani akauliza kwa sauti ndogo, "kwa hiyo ni mimi niliyeiua?"

"Kwa ngumi zile ninazozisikia nikipita nje? Wewe, na nani mwingine?"

Akaigeuza kibodi juu chini, akaikung'uta. Zikamwagika pini za stepla, makombo na nusu ya kifungo cha shati. Akang'oa kofia ya shifti ya kushoto, na ugonjwa ukaonekana hata kwa Bosi aliyekuwa mbali: kile kipira cha ndani kinachokirudisha kitufe juu kilikuwa kimepasuka katikati. Fundi akashusha miwani akakitazama na kitufe cha mkwaju, kile chenye alama ya kuuliza juu yake. Mchoro ulikuwa umefutika kabisa, kimebaki kitupu.

"Bi Samahani, A inaonekana vizuri. E inaonekana. Hiki umekitafuna mpaka mfupa. Huwa unauliza nini kutwa nzima?"

Kipira kizima alikitoa kwenye kitufe kimoja cha juu, kwenye pembe, ambacho pale dukani hakuna aliyejua kazi yake. "Huyu anakula bure tangu azaliwe," akasema. "Leo naye achangie." Akapangusa vumbi, akapachika kipira, akarudisha kofia. "Haya, jaribu."

Bi Samahani akaketi, akaishika shifti kwa kidole kidogo, akagonga. Alama ya kuuliza. Akagonga tena, tena, mpaka mstari ukajaa. Alimshukuru fundi na mikono yake, akamshukuru Bosi kwa kuinuka, akamshukuru mwalimu kwa kuja na popo wake, na walipogeuka akakipapasa kidogo kile kitufe kilichotoa kipira. Hakuwa anafanya mzaha. Mama yule alishukuru kama alivyopumua.

"Maradhi haya yalianza lini?" fundi akauliza akifunga mkoba.

Akafungua mdomo ajibu. Ilikuwa kabla ya mtihani wa popo. Ilikuwa kabla ya ile kadi. Ilikuwa kabla ya ule ujumbe.

Akafungua ujumbe aliomtumia Chiriku, akausoma, safari hii kwa macho bila masikio. Mimi bado ni mama yako. Siku hiyo nitakaa mbele. Utanisubiri nikusuke nywele mimi. Hodi hakuna, samahani hakuna. Mwanamke anajitangaza mama, anajipangia kiti, anatoa amri juu ya kichwa cha bibi harusi! Ndiyo maana mtoto kanyamaza. Kama alikuwa bado na nafasi ndogo kwa yule binti, basi ameipiga teke mwenyewe, kwa maandishi.

Fundi hajafika hata mlangoni, Bi Samahani alikuwa ameshaanza kuandika. Samahani sana mwanangu, kibodi ilikuwa mbovu, nilikuwa nauliza tu. Mimi bado ni mama yako? Siku hiyo nitakaa mbele? Au nikae nyuma na wageni wengine? Au nitawabana? Mama wa huko hatajisikia vibaya? Nitume zawadi tu nisije? Shifti yenye kipira kipya ilifanya kazi ya punda. Swali lilizaa swali, na kila moja lilimshusha ngazi moja, mpaka mwishoni alikuwa karibu kuuliza kama anaruhusiwa kuitazama picha ya harusi.

Simu ikaita. Alikuwa Chiriku.

"Mama."

"Mwanangu, samahani, yaani nilikuwa ndiyo naandika..."

"Mama, ngoja, usiseme kwanza. Nimechelewa kukujibu, najua. Ule ujumbe wako, kila nikianza kuujibu nalia."

Bi Samahani akaishika kona ya meza. Bosi akazima redio kabisa.

"Ile kadi nilimwachia baba aandike," Chiriku akaendelea. "Nilitaka uandikwe wewe. Lakini nikajiuliza, nikimwambia mama atanijibu nini? Atasema, 'Nyinyi pangeni, mimi msinijali.' Si ndivyo unavyonijibu? Kila siku unaniomba ruhusa, mama. Unanipigia kama mtu wa ofisini. Nikasema, labda kunilea kulimchosha. Labda amenikabidhi huku, ameshukuru, amepumzika zake."

"Nipumzike wewe?" Bi Samahani alisema, na sauti ilitoka kubwa hata mwalimu aliyekuwa bado kwenye rafu za madaftari akageuka. "Mtu anapumzikaje mtoto wake?"

"Basi ndiyo hivyo nilivyodhani. Halafu nikafungua ule ujumbe. 'Mimi bado ni mama yako.' Hukubisha hodi! Umeniambia tu. Tangu nizaliwe hujawahi kuniambia kitu bila kuniuliza kwanza. Nimemsomea baba, nimemsomea na mkewe. Mkewe kasema, 'Haya, mwenye mtoto kashasema,' na kadi zinachapwa upya. Msusi nimemrudisha. Nywele zangu ziko timutimu, nakusubiri. Unakuja lini?"

Bi Samahani aliitazama skrini. Maswali yake yalikuwa yamesimama pale foleni nzima, yanangoja kutumwa. Mdomoni nako yalikuwepo mengine: Nikija mapema sitawasumbua? Nitalala wapi nisiwabane? Akayameza, na yalikuwa makavu kumeza.

"Nakuja Alhamisi," akasema.

Chiriku akapiga kigelegele chake peke yake, akaanza kuongea. Aliongea juu ya gauni, juu ya shangazi asiyesikia vizuri, juu ya mchumba anayeogopa kucheza mbele za watu, mfululizo, bila nukta, kama zamani. Bi Samahani alisikiliza simu ikiwa sikioni, mkono mmoja ukikandamiza kitufe cha kufuta. Alama za kuuliza zikaliwa moja baada ya nyingine mpaka ukurasa ukawa mweupe.

Alipokata simu akamwambia Bosi, "Alhamisi sipo. Wala Ijumaa, wala Jumamosi."

Bosi akasubiri lile neno linalofuata. Halikuja.

"Haya," akasema, na akaiwasha redio kwa sauti ya chini.

Ijumaa mchana Bi Samahani alikuwa ameketi kwenye kigoda katika chumba cha wageni, chanuo mkononi, kopo la mafuta pembeni. Chiriku alikaa sakafuni katikati ya magoti yake, pale pale alipokaa miaka yote. Mke wa baba aliingia na chai, akasema, "Mama Chiriku, ukichoka uniite nikupokee," akatoka na kurudisha mlango taratibu. Bi Samahani alimshukuru mwanamke yule moyoni kwa kila kikombe. Alikuwa na furaha, na furaha yenyewe ndiyo iliyokuwa ikimchoma, kwa sababu aliona ameipata kwa njia ya wizi. Alisuka mistari kadhaa. Mwisho akashindwa kujizuia.

"Chiriku, mwanangu. Yale niliyokuandikia hayakuwa ya kukuambia. Yalikuwa maswali. Shifti ilikuwa imekufa."

Akamsimulia yote: mtoto aliyeondoka na kofia, alama za kuazima, popo, fundi, kipira. Chiriku, ambaye hajawahi kumwachia mtu amalize hadithi, alimwachia mama yake akamaliza. Chanuo lilikuwa limesimama katikati ya nywele.

"Yote matatu yalikuwa maswali?" akauliza.

"Yote."

Chiriku hakuweza kugeuka, maana kichwa kilikuwa kimeshikwa. Akaupandisha mkono nyuma akapapasa mpaka akaushika mkono wenye chanuo.

"Basi la kwanza, ndiyo," akasema. "Mimi asubuhi ile ya kiatu, mama, nilikuuliza? La pili, ndiyo. Na hilo la tatu, nimekaa hapa nusu nimesukwa nusu nimesimama nywele, unataka nikujibu nini?"

Bi Samahani akacheka, akalia, akajipangusa kwa kiwiko kwa kuwa vidole vilikuwa na mafuta. "Asante," akasema. Neno lake lile jingine lilifika ulimini, likakuta asante imeshakaa.

Akachukua nywele nyingine, akazigawa tatu. "Inamisha kichwa," akasema, na Chiriku akainamisha.